Aliyepoteza Kazi kwa Bidhaa za Nje: Je, Tumpe Hisani au Haki Yake?

(Matini ya muhadhara uliotolewa msikitini baada ya Sala ya Magharibi)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku na Mwenye kukadiria. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Huenda mada tuliyoichagua leo ikaonekana kuwa ni ya wachumi na wanasiasa, isiyo na nafasi msikitini. Sisi tunasema kinyume chake. Dini iliyotufundisha namna ya kupima kwa mizani, kuandikiana deni na kumlipa kibarua ujira wake haiwezi kunyamaza pale mtu mzima mwenye nguvu zake na ujuzi wake anapoambiwa kuwa kazi yake haihitajiki tena.

Tuziangalie safu zetu. Katika misikiti ya miji yetu yenye viwanda yumo ndugu aliyekuwa akija Sala ya Isha akiwa na sare ya kiwanda mwilini, ama anatoka zamu ya mchana ama anaelekea zamu ya usiku. Siku moja sare ile haionekani tena. Yeye anaendelea kuja, kanzu yake ni safi na salamu yake ni ile ile. Sisi hatumuulizi, wala yeye hasemi. Baada ya miezi kadhaa ndipo tunaposikia kwamba watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mwenye nyumba amempa notisi. Ndugu huyu hakuiba, hakugombana na msimamizi wake, wala hakuchelewa kazini. Kilichomwondoa ni kwamba kitambaa alichokuwa akikifuma kilikutana sokoni na kitambaa cha ng'ambo, au na marobota ya mitumba, kwa bei ambayo kiwanda chake hakikuweza kuifikia.

Swali letu la leo ni hili: Je, ndugu huyu anatudai chochote? Na kama anatudai, anaidai serikali peke yake, au anatudai na sisi tunaosimama naye bega kwa bega?

Faida ya wengi, hasara ya wachache

Kwanza tuelewe namna jambo hili linavyotokea. Serikali inapopunguza ushuru wa forodha au inapofungua milango ya biashara, bidhaa za nje huingia kwa bei nafuu. Mama anayemnunulia mwanawe shati huokoa fedha kidogo. Mama mwingine naye huokoa kidogo, na mwingine vivyo hivyo, mpaka faida ile ikawafikia mamilioni ya watu, kila mmoja na sehemu yake ndogo. Hasara haigawanyiki hivyo. Yenyewe humwangukia mfumaji, mpaka rangi, fundi wa mashine na mama lishe aliyekuwa akiwauzia chakula langoni. Hao hawapungukiwi kidogo, bali hupoteza kila kitu kwa siku moja.

Afrika Mashariki imeyaona haya kwa macho yake. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Tanzania, na katika miaka ya 1990 Kenya, masoko yalifunguliwa na mitumba ikaingia kwa wingi. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vimejengwa baada ya uhuru vilidhoofika na vingi vikafungwa. Kisumu walikiona kiwanda chao cha pamba kikifungwa, na Eldoret walikiona kiwanda cha Rivatex kikianguka, kisha kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili kifufuliwe. Tuwe waadilifu hapa: ushindani wa nje haukuwa sababu pekee. Mashine zilikuwa zimechakaa, umeme ulikuwa wa shida, na viongozi wa baadhi ya mashirika hawakuzichunga amana zao. Lakini yule aliyekuwa akisimama mbele ya mtambo hakuhusika na lolote kati ya hayo, naye ndiye aliyeulipa mzigo wote.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Miongoni mwetu wamo wauza mitumba, na riziki yao ni halali. Wamo maskini wasioweza kuvaa pasipo mitumba hiyo. Kwa hiyo hatukuja hapa kuharamisha biashara aliyoihalalisha Allah. Tumekuja kuuliza habari za deni: ikiwa wengi wamenufaika kwa sababu wachache wameumia, ni nani atakayewaangalia wale walioumia?

Wamarekani walivyojaribu

Mtume wetu (S.A.W.) hakutukataza kuangalia ya wengine tukayachuja. Basi natuiangalie nchi iliyolitungia swali hili sheria mapema, nayo ni Marekani.

Mwaka 1954 kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, David McDonald, alipendekeza kwamba kama taifa linaamua kufungua biashara kwa manufaa ya wote, basi wale watakaoumizwa na uamuzi huo wasaidiwe na taifa lenyewe. Wazo hilo lilichukuliwa na Seneta kijana aliyeitwa John Kennedy. Alipokuwa Rais, mwezi Oktoba 1962, alitia saini sheria ya kupanua biashara ya nje, na ndani yake ukawekwa mpango wa kuwasaidia wafanyakazi walioathiriwa na bidhaa za kigeni. Msingi wake ulikuwa maneno ya haki: aliyeumizwa na uamuzi wa serikali asiachwe aubebe mzigo peke yake.

Maneno yalikuwa mazuri, lakini masharti yakawa magumu. Mfanyakazi alitakiwa kuthibitisha kwamba kazi yake ilipotea kwa sababu ya punguzo mahususi la ushuru. Ni nani kati ya wafumaji na washona viatu angeweza kuthibitisha jambo kama hilo? Matokeo yake ni kwamba tangu mwaka 1962 mpaka karibu na mwisho wa mwaka 1969 halikukubaliwa hata ombi moja la wafanyakazi. Kwa miaka saba haki ilikuwepo katika karatasi, wala haikumfikia mtu.

Sheria mpya iliyopitishwa na Bunge lao mwishoni mwa mwaka 1974 ililegeza masharti hayo. Ikawa yatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi kikubwa katika kupotea kwa kazi. Utaratibu uliokuja kukaa ulikuwa hivi: wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja, au chama chao, au hata mwajiri mwenyewe, waliweza kupeleka ombi katika Wizara ya Kazi. Wizara ilichunguza. Ikiridhika, ilitoa cheti kwa ajili ya kundi zima la wafanyakazi wale. Mwenye kuingia katika cheti hicho aliweza kulipiwa mafunzo ya kazi nyingine, kupewa malipo ya kila wiki wakati akijifunza, na kusaidiwa gharama za kutafuta kazi au kuhamia mji mwingine. Sheria za baadaye zilirefusha malipo hayo mpaka kufikia wiki 130 kwa baadhi yao. Mwaka 2002 ukaongezwa msaada wa bima ya afya. Kwa waliofikia umri wa miaka 50 na zaidi wakapata kazi yenye mshahara mdogo, wakawekewa fidia ya nusu ya tofauti ya mshahara, isiyozidi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Hebu tuone mpango huo ulivyokutana na watu. Katika jimbo la North Carolina upo mji uitwao Kannapolis, mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha taulo na mashuka. Babu alifanya kazi humo, akafuata baba, akafuata mtoto. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni iliyokuwa ikikimiliki, Pillowtex, ilifunga milango yake. Zaidi ya watu 4,000 katika jimbo lile walipoteza kazi kwa mkupuo mmoja, na nchi nzima waliopoteza kazi katika kampuni hiyo walizidi 6,000. Wengi wao walikuwa watu wazima ambao hawakumaliza shule ya sekondari, kwa kuwa kiwanda kiliwachukua wakiwa vijana, wakadhani kitakuwepo daima. Walipewa cheti cha msaada, na chuo cha jamii cha eneo lile kikapokea wanafunzi wenye mvi, waliorudi kwenye hesabu na kusoma ili waanze upya. Wapo waliofaulu wakapata kazi nyingine. Wapo pia ambao mafunzo yaliwaishia mikononi bila ya kazi, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeutegemea mlango mmoja, na mlango ule ulikuwa umefungwa.

Upungufu wa mpango wao

Ndugu Waislamu, mpango huu ulikuwa na mapungufu matatu ambayo yatupasa tuyazingatie.

La kwanza, haukumfikia kila aliyestahiki. Baada ya China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba 2001, ajira za viwandani nchini Marekani zilishuka kutoka takriban milioni 17 mwaka 2000 hadi chini ya milioni 12 mwaka 2010. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba katika maeneo yaliyopigwa zaidi na bidhaa za China, fedha za mpango huu zilikuwa kidogo sana zikilinganishwa na zile zilizolipwa kwa njia ya malipo ya ulemavu na matibabu. Maana yake ni kwamba wengi waliopoteza kazi hawakuingia katika mlango waliotengenezewa. Waliishia kuandikwa kuwa ni wagonjwa na wasiojiweza, ilhali walikuwa watu wa kazi.

La pili, ulipunguzwa pale pale ulipohitajika. Mwaka 1980 wafanyakazi wa viwanda vya magari walipoachishwa kwa wingi, gharama za mpango zilipanda sana. Mwaka uliofuata, katika utawala wa Rais Reagan, malipo yakapunguzwa na masharti yakakazwa.

La tatu, na ndilo kubwa, haki hii haikuwekwa kuwa haki ya kudumu. Iliwekewa muda, na kila muda ulipokwisha ilibidi wanasiasa wakubaliane upya, na mara nyingi ikafungwa pamoja na mambo mengine ya mikataba ya biashara ili itumike kama kitu cha kubadilishana. Mwisho wake, tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi ilizuiwa kutoa vyeti vipya, kwa sababu Bunge halikuuongezea mpango muda. Bidhaa za nje hazikuacha kuingia siku ile. Kilichoacha ni ile ahadi ya mwaka 1962.

Na lipo jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vipate kupumua. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao kwamba hatua hiyo ingewapotezea watu wao kazi. Nchi zetu zikatishiwa kuondolewa katika nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Basi tazameni: taifa lile lile lililokiri katika sheria yake kwamba bidhaa za nje huumiza wafanyakazi na kwamba walioumizwa wana haki, lilipofika kwetu likasahau kwamba na sisi tunao wafanyakazi. Tusilalamike tu, tujifunze. Asiyejipangia mambo yake hupangiwa na mwingine.

Uislamu unasema nini?

Allah (S.W.) ametueleza katika Surat Adh-Dhariyat, aya ya 19, na katika Surat Al-Ma'arij, aya ya 24 na 25, kwamba katika mali za wachamungu imo haki ya watu wa aina mbili: anayeomba, na aliyenyimwa, yaani al-mahrum. Tuyapime maneno haya. Imeitwa haki, haikuitwa hisani. Na huyo mahrum ni nani? Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kama walivyonukuu wafasiri akiwemo Ibn Kathir, kwamba ni mtu asiye na fungu katika hazina ya umma, wala chumo, wala kazi ya kumsimamisha. Ndugu zetu, huyu ni yule jirani yetu wa safu ya tatu ambaye sare yake haionekani tena. Qur'an imemtaja pamoja na mwombaji kwa sababu yeye haombi, na asiyeomba ni rahisi kusahauliwa.

Tuangalie na Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim. Qabisa alibeba dhamana ya deni ili kuwapatanisha watu, akamwendea Mtume (S.A.W.) kuomba msaada. Mtume akamwambia asubiri mpaka sadaka ifike ili aamrishe apewe. Kisha akamfundisha kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu watatu: aliyebeba dhamana kama yake, aliyepigwa na janga likaiangamiza mali yake, huyo apewe mpaka apate cha kumsimamisha katika maisha yake, na aliyefikwa na ufukara, wakathibitisha hivyo watu watatu wenye busara miongoni mwa jamaa zake.

Humu mna mambo makubwa. Mpewaji amewekewa kipimo, nacho ni mpaka asimame, si mpaka apite Ramadhani. Uthibitisho umewekwa mikononi mwa watu wanaomjua, watatu tu, bila ya kumtaka mnyonge alete hoja za wanasheria. Wamarekani waliwahi kukaa miaka saba bila ya kumkubali mtu hata mmoja kwa sababu ya ugumu wa ushahidi, ilhali sisi tulikuwa na utaratibu huu karne nyingi kabla yao. Lakini aibu ni yetu, kwa maana tuliopewa utaratibu ndio tusioutumia.

Ama kuhusu zana na mafunzo, kipo kisa maarufu katika Sunan Abi Dawud cha Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) alimuuliza ana nini nyumbani, akaleta nguo ya kujifunika na chombo cha kunywea maji. Vikauzwa kwa dirhamu mbili. Kwa moja akainunulia familia yake chakula, na kwa ya pili akanunua shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamrisha akakate kuni na asimuone kwa siku kumi na tano. Alirudi akiwa na dirhamu kumi. Wapo wanazuoni walioizungumzia isnadi ya kisa hiki, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi sahihi katika Bukhari inayofadhilisha kubeba kuni kwa kamba kuliko kuomba watu. Na Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' amewanukuu wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i kwamba mwenye ufundi hupewa katika Zaka kiasi cha kumnunulia zana za ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Basi cherehani ni Zaka. Mashine ya kuchomelea ni Zaka, kwa anayestahiki.

Wala tusidhani kwamba dini imeiachilia serikali. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipoambiwa kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu hutozwa sehemu moja ya kumi wanapoingia nchi za watu, aliagiza wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe mfano wake. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar alipunguza tozo hiyo kuwa nusu yake katika ngano na mafuta, ili vyakula hivyo viingie Madina kwa wingi, na katika nafaka jamii ya kunde akaiacha moja ya kumi. Hatusemi haya ili kuhalalisha kila kodi, kwani kodi ya dhulma imekemewa vikali. Tunachosema ni kwamba kiongozi mwadilifu huiangalia bidhaa moja moja: ipi watu wanaihitaji kwa chakula chao, na ipi haina dharura hiyo. Hafungui mlango kwa kutishwa, wala haufungi kwa ajili ya rafiki mwenye kiwanda.

Sheria zetu na mipaka yake

Tukirudi nyumbani, hatuna mpango maalumu kwa mfanyakazi aliyeangushwa na bidhaa za nje. Tunazo sheria za jumla. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi na alipe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Tufanye hesabu: aliyetumikia mtambo kwa miaka 20, kwa kiwango hicho cha chini, hupata mshahara wa siku 70. Miaka ishirini ya ujana wake imegeuka kuwa chakula cha miezi miwili na siku kumi. Na hayo ni kwa mwenye mkataba. Kibarua aliyeitwa kila asubuhi langoni kwa miaka kumi huenda asipate chochote.

Yatupasa tuseme na wabunge wetu, kwa hekima na bila ya woga, kwamba ushuru unaokusanywa bandarini kwa bidhaa zile zile zilizowaondoa watu kazini ndio unaofaa kutengewa fungu la kuwafunza kazi nyingine. Hilo ni dai la haki kwa raia wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Umar (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akaagiza atazamwe na hazina ya umma, kwa kuona kuwa si uadilifu kuinufaikia nguvu ya mtu katika ujana wake kisha kumtelekeza uzeeni.

Wajibu wetu wenyewe

Lakini ndugu zetu, tusiitumie lawama ya serikali kama pazia la kujificha. Zaka zetu tunazipeleka wapi? Kila Ramadhani tunaona foleni ndefu kwenye milango ya matajiri, wanawake na wazee wakisukumana juani kwa ajili ya noti moja. Aliyeipata noti ile mwaka jana ndiye anayeipata mwaka huu, na ndiye atakayekuja mwaka ujao. Mfumaji aliyepoteza kazi hayumo katika foleni ile kwa sababu anaona haya, na haya ni katika imani. Utaratibu wetu unamnyima kwa sababu ya imani yake! Hili ndilo tunaloliita kuharibu Sunna ya Zaka, na ndilo linalohitaji marekebisho kabla ya mengine mengi.

Kwa hiyo tunazipendekezea kamati za misikiti yetu mambo matano.

Mosi, kila msikiti uwe na daftari la siri la waliopoteza kazi, lenye ujuzi wa kila mmoja, na imamu awatafute yeye, wasisubiriwe waje.

Pili, uthibitisho uwe ule wa Hadithi ya Qabisa: watu watatu waaminifu wanaomjua mtu, na jambo limalizike ndani ya siku chache.

Tatu, yaanze madeni. Wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya Zaka yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Kodi ya nyumba na ada za shule zikilipwa mapema, ndugu yetu ataokoka na mikopo ya riba, ambayo humfuata aliyeachishwa kazi kama fisi anavyomfuata mnyama aliyejeruhiwa.

Nne, matajiri wachache waunganishe Zaka zao wamsimamishe mtu mmoja mpaka asimame, kwa zana na kwa kumweka chini ya fundi, kisha waende kwa wa pili. Wanaume kumi waliosimama ni bora kuliko elfu moja walioshikishwa noti.

Tano, wasomi wetu wa sheria wakae msikitini siku moja kwa wiki wawaeleze watu haki zao. Nchini Tanzania shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hutakiwa lifikishwe katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ni wangapi waliopoteza haki yao kwa sababu tu siku ya 31 iliwakuta bado wanashauriana?

Na kwenu ndugu zetu waajiri, mcheni Allah. Ushindani wa nje ni mtihani wa kweli, lakini usiwe kisingizio cha kuzuia mishahara ya miezi iliyokwishafanyiwa kazi. Kiwanda kinaweza kufa, ila deni la jasho halifi pamoja nacho.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Tukitoka hapa baada ya Isha, kila mmoja wetu amtazame aliye kuliani kwake na kushotoni kwake, amuulize hali yake kwa ukweli, na awe tayari kulisikia jibu. Sheria ya Wamarekani ilikuwa na muda, ukaisha. Haki ya mahrum haina tarehe ya mwisho, na Mwenye kuiuliza siku ya Hesabu hasahau.

Ewe Mola wetu, waruzuku waja wako kwa halali, wafungulie milango waliofungiwa, na usitujaalie kuwa miongoni mwa walioshiba majirani zao wakiwa na njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.